Fahali Alipolamba Mbolea

Mahindi ya Nyamizi yalikuwa yamefika magotini yakidai mbolea ya kukuzia, naye tajiri Chando alikuwa amemuuzia chumvi ya mawe akiiita mbolea. Nyamizi akaurudisha mfuko dukani.

"Mbolea yangu ni safi, mama!" Chando alifoka mbele ya wateja.

"Basi nisamehe, mzee," alisema Nyamizi, akageuka, akajikwaa. Mfuko ukamwagika miguuni pa fahali, kipenzi cha Chando, aliyesimama kando ya mlango, naye akaanza kulamba.

Chando akacheka. "Mwacheni alambe! Sasa utarudisha nini?"

"Sirudishi kitu. Ila ng'ombe akilamba mbolea hufa, na wewe unacheka."

Chando alimrukia fahali kumfukuza, lakini wateja walikwisha kuelewa na kutua mifuko yao ya mbolea, na Nyamizi alikuwa mlangoni pa stoo.

"Ya kweli iko wapi, mzee?"