Mkeka wa Mwajabu

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo sauti ya kuku mgonjwa. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Asiyeamini aondoke sasa hivi, akachote maji. Mimi shule niliiacha darasa la tano, lakini hii hata mwalimu wenu hana. Ibisheni mkiweza.

Zamani, si ile ya mbali, palikuwa na watu saba wa mtaa mmoja wa mjini. Mjini kuna moshi na kelele, basi wakapatana siku moja waende shamba kutembea, wapande kilima, wale huko, warudi kabla jua halijazama. Kila mtu akabeba chakula. Mwajabu, msuka mikeka, akabeba na mkeka.

Tena si mkeka wa mtu mmoja. Mkeka mpana wa ukindu, watu saba wanakaa na miguu wakanyoosha. Aliusuka miezi mitatu.

"Dada Mwajabu, unahamia porini?" wakamcheka.

"Mimi sikai chini kama kuku," akajibu, akajitwika, akaenda.

Aliyeongoza njia ni Chande, kijana mabega kama mlango, moyo kama simba. Mkumbukeni huyo.

Basi wakatembea, wakatembea, wakatembea. Wakavuka kijito, wakapanda kilima, wakatandika mkeka. Hata hawajamega muhogo, nchi ikatikisika. Zimwi hilo. Jicho moja kama sinia, kucha kama majembe.

"Kijito mlichovuka ndicho mlango wangu," likasema. "Nani kati yenu alipiga hodi?"

Watu wa mjini wakifika porini hawapigi hodi. Hudhani pori halina mwenyewe.

"Aingiaye kwangu bila hodi ni kitoweo changu."

Lakini viganja vya Mwajabu vilikuwa juu ya mkeka, na mkeka ule aliujua ukili kwa ukili.

"Tumekosa, Babu," akasema. "Ila huu mkeka nimeusuka mimi. Walio juu yake wako kwangu. Nawe utaingia kwangu bila hodi? Basi umetuzidi nini?"

Zimwi likaona haya. Likakunja kucha.

"Hodi."

Mwajabu akawanong'oneza wenzake: "Asijibu mtu. Inukeni, tuubebe juu ya vichwa. Ukiwa chini yake, bado umo ndani."

Wakajifunika mkeka kama paa, wakashuka kilima polepole, bega kwa bega. Zimwi nyuma yao.

"Hodi."

Kimya. Mnadhani rahisi? Mtu amelelewa tangu anatambaa: ukisikia hodi, sema karibu. Ulimi unawasha.

"Hodi, wenyewe."

Kimya. Wakazing'ata ndimi zao.

Walipokanyaga maji ya kijito, zimwi likalainisha sauti, ikawa kama ya shangazi aliyetoka safari. "Hodi, wanangu. Jua kali huku nje."

Kona ya mkeka ikachanika, nadhani ni upepo. Wakavuka. Zimwi likabaki ng'ambo na njaa yake na adabu zake.

Mwajabu akautandika mkeka palepale, wakala muhogo wao. Hata leo akipita mtaani, watu husema, "Yule ndiye mwenye nyumba iliyotembea." Naye huinua shingo. Ainue tu, ni haki yake.

Hadithi yangu nimeivusha kijito, naitua hapo. Funzo lake: usimcheke abebaye mkeka, hujui utaketi wapi.

Mbona mnanitazama hivyo? Upepo gani unachana ukindu?

Sawa. Kuna mahali nimeparuka. Hodi ya tatu ilijibiwa. Chande, yule yule moyo wa simba, alifungua kinywa akasema, "Kari..." Mwajabu akamsindilia muhogo mdomoni. Nusu ya neno ilikuwa imeshatoka, nusu ya ukucha ikaingia. Na aliyeanza kuucheka mkeka ni huyo huyo.

Na Chande ni mimi.

Mwajabu amekataa kuishona ile kona. Kila nikienda kwake hunitandikia mkeka ule ule, akaniketisha penye tundu.