Saa za Luvanda na Kinu cha Semeni

Mtu mmoja alikuwa na saa za mkononi tisa, zote za bei kubwa, na mkono mmoja tu wa kuzivalia. Jina lake Luvanda. Alifanya biashara ya mbao huko nyanda za juu, na kila mwaka uliomwendea vizuri alinunua saa moja. Wenzake walinunua ng'ombe. Wengine waliezeka bati nyumba za wazazi wao. Yeye alinunua saa. Hazikuwa saa za betri, wala za kukaza kwa vidole. Zilikuwa za aina ile inayokwenda kwa mwendo wa mkono wa aliyeivaa: mkono ukitembea, saa inatembea, mkono ukitulia siku mbili, saa inasimama. Alizipanga katika sanduku la mninga, akazivaa kwa zamu, leo hii, kesho ile, kama mwanamume mwenye wake tisa anayeogopa malalamiko.

Asije mtu akaniambia Luvanda alikuwa mbaya. Hakuwa mbaya. Aliuza ubao wa futi kumi ukiwa na futi kumi, na fundi aliyenunua kwake hakuhitaji kupima tena. Alipopata shamba bondeni, familia nne zilikuja kulima pamoja naye, na siku ya kwanza aliwaambia wakuu wa familia hizo mbele ya watu wote kwamba mwaka wa mvua atachukua fungu lake, na mwaka wa njaa ghala lake litakuwa lao. Hapakuandikwa kitu. Kwa neno hilo moja watu waliacha vishamba vyao vya mlimani, vile ambavyo havitoi sana lakini havikosi kabisa, wakateremka bondeni na watoto wao.

Kisha Luvanda akapigwa na kiharusi. Mdomo ulirudi, mguu ukarudi nusu, lakini mkono wa kushoto, ule wa saa, haukurudi. Ulining'inia kama mkono wa koti lililotundikwa msumarini. Siku ya tatu saa aliyokuwa ameivaa ikasimama. Zile za sandukuni zilikwisha kusimama kabla yake. Alikaa barazani akizitazama, kila moja imeshika wakati wake, hakuna mbili zilizokubaliana.

Fundi wa mjini aliwahi kumwambia kwamba saa ya namna hiyo ikilala muda mrefu mafuta yake ya ndani huganda, na atakayeichukua baadaye ataihesabu kama chuma chakavu. Maneno hayo yakamkaa. Basi akamwita Semeni, mwanamke aliyempikia na kumtunzia nyumba tangu mkewe alipofariki, akamfunga saa moja mkononi. Semeni alikuwa akitwanga mahindi. Kwa mapigo machache tu ya mchi, saa ikaamka. Luvanda alifurahi kama mtu aliyerudishiwa mgonjwa wake. Kesho yake akamwongezea ya pili. Wiki ilipokwisha Semeni alikuwa na saa tano mkono wa kushoto na nne mkono wa kulia, zimepanda mpaka karibu na kiwiko. Akakatazwa kufua nazo kwa sababu ya maji. Akakatazwa kuingia nazo jikoni kwa sababu ya moshi. Kazi aliyoruhusiwa kuifanya akiwa amezivaa ikabaki moja, kutwanga.

Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Mahindi ya bondeni yalikauka yakiwa usawa wa goti. Ghala la Luvanda likafagiliwa mpaka sakafu ikaonekana, na nyumbani kwake wakawa wanakula unga wa dukani, paketi kwa paketi. Hapakuwa tena na kitu cha kutwanga. Mtu mwenye akili zake angemvua Semeni zile saa akazirudisha sandukuni. Luvanda alimwambia Semeni aweke pumba ndani ya kinu, mchi usije ukakipasua, kisha aendelee kutwanga kama kawaida, asubuhi na alasiri. Semeni aliuliza mara mbili kama amesikia sawasawa. Alikuwa amesikia sawasawa.

Naomba msicheke. Mnacheka kwa sababu kinu hiki si cha kwenu.

Wakati huo dalali wa saa alikuwa amekwisha kufika mara moja kutoka mjini. Alizitaka zote tisa, kwa bei ya kujaza ghala tena. Luvanda alimjibu kwamba atafikiri, na kweli alifikiri, tena kwa bidii. Kila aliposhika moja aliona mwaka wake: huu ni ule mwaka wa mashine ya kwanza ya kupasulia, huu ni mwaka alioona jina lake limeandikwa ubavuni mwa lori. Akiziuza, atamwonyesha mgeni nini ili mgeni ajue amekaa na nani? Akajiambia mvua huenda ikarudi. Akajiambia serikali huenda ikaleta chakula. Akajiambia saa haziozi, na kwa hiyo hakuna haraka. Wakuu wa familia zile nne walipokuja kumkumbusha lile neno la siku ya kwanza, aliwaambia wavumilie kidogo, na alipowaambia hivyo hakuwa akiwadanganya. Hilo ndilo linaloniudhi. Alijidanganya mwenyewe kwanza, halafu akawagawia na wao. Wakasema sawa mzee, wakarudi kuchimba viazi vya porini.

Sasa, kule kwao kuna desturi. Mwanamke akisikia mchi unalia kwa jirani, huchukua ungo wake akaenda. Haombi kitu. Anapepeta tu, anamsaidia mwenye kinu, na akimaliza haondoki mikono mitupu. Anafungiwa unga kidogo, au chenga, chochote. Ndivyo wanavyolishana bila mtu kuaibishwa. Na mchi wa Semeni ulikuwa unalia asubuhi na alasiri, siku baada ya siku, bonde zima linasikia.

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Kadege, mke wa mmoja wa wale wakulima. Aliketi kando ya uwanja, ungo juu ya magoti, akingoja kumiminiwa. Semeni hakumtazama. Alitwanga mpaka muda wake ulipokwisha, akafunika kinu, akaingia ndani. Mama Kadege akadhani amekosea wakati. Siku ya pili alikuja na wenzake wawili. Siku ya tatu walikuwa saba, wameketi mstari, nyungo magotini, midomo imepauka. Mama Kadege alikuwa mtu wa maneno, na njaa ilikuwa haijamnyang'anya ulimi.

"Wifi," alisema, "mikono yote miwili saa, na bado hujui kama muda wa kupepeta umefika?"

Wenzake wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumpa mtu nafasi ya kufanya lililo sawa. Semeni hakucheka. Alisimamisha mchi. Jasho lilikuwa limepita chini ya mikanda ya saa, na ngozi chini yake ilikuwa imebabuka. Alikiinamisha kinu upande wa Mama Kadege, akakishika hivyo, hakukiinua wala hakukimimina. Kisha akageuza uso kuelekea barazani, alikokuwa ameketi bwana wake.

"Baba," alisema, "niwamiminie nini?"

Hakupaza sauti. Aliuliza kama anavyouliza mpishi anayetaka kujua apike nini. Wanawake saba wakageuka pamoja naye, wakamtazama Luvanda.

Naye Luvanda, ambaye kwa miezi miwili alikuwa na jibu la kila swali, safari hii aliinama mbele kitini. Aliitazama ile mikono. Saa zote tisa zilikuwa zinatembea, zote zinakubaliana, hazijawahi kwenda vizuri namna ile tangu azinunue. Alijua nguvu iliyozitembeza imetoka wapi. Alijua ingeweza kwenda wapi. Akamwambia Semeni aweke kinu chini, avue saa hizo, atume mtu kwa dalali leo hii. Akawaambia wale wanawake ukweli wote, kwamba kinuni mna pumba, na ni yeye aliyeagiza. Mmoja alisonya. Mama Kadege alisimama, akakung'uta ungo wake usiokuwa na kitu, akaondoka bila kuaga. Haki yao.

Dalali alikuja kesho yake. Alizigeuza saa moja moja, akazipeleka sikioni, akasifu zilivyo hai. Kisha akaona mikwaruzo, maana chuma kilikuwa kimesugua chuma kila mchi uliposhuka, akaona na chumvi ya jasho kwenye mikanda. Akavuta kiti karibu. Alisema hayo yanang'arishika, mzee wangu, hayo si tatizo. Tutaandika kwamba zilikaa sandukuni wakati wote, na bei itasimama pale pale. Tukiandika kwamba amezivaa mtwangaji, wanunuzi wa kule watakunja pua, na bei itashuka sana. Ni mstari mmoja tu wa maneno, nani atajua?

Hapo ndipo alipokutana na yule Luvanda wa ubao wa futi kumi.

"Andika zilivyo," alisema. "Zilivaliwa na Semeni, akatwanga pumba, kwa amri yangu mimi."

Dalali akamwomba angalau abakishe moja, ile nzuri kuliko zote, kwa heshima. Mtu wa kiwango chake kukaa na mkono mtupu watu watasema ameanguka. Luvanda alimjibu kwamba mkono wenyewe ulikwisha kuanguka na watu walikwisha kusema. Zote tisa zikaenda, pamoja na sanduku. Bei ilishuka, kama dalali alivyosema. Wiki ile ile lori lilipakua mahindi uwanjani, na Luvanda akawaita wakuu wa familia nne, akawaambia wasimshukuru. Alisema hiyo si zawadi, ni lile neno, na limechelewa. Mmoja wao alimjibu kwamba ndiyo, limechelewa, akabeba gunia lake. Semeni alipumzishwa mpaka ngozi ya mikono yake ilipopona.

Sitawapambia mwisho. Kwa sababu ya ile bei iliyoshuka, mahindi yaliisha mwezi mmoja kabla ya mavuno, na mwezi huo walilala na njaa wote, Luvanda akiwa mmoja wao. Mjini walimcheka kwamba ameuza ujana wake kwa magunia. Alijua wanacheka, na hakumtuma mtu kwenda kumweleza yeyote. Angeweza kuuza miezi miwili mapema, na kufanya hivyo kungemgharimu kidogo kuliko kulivyomgharimu baadaye. Hilo pia alilijua, na alilisema mwenyewe kila alipoulizwa.

Mimi sina sanduku la mninga, na nyinyi mlioketi hapa wengi wenu hamna saa hata moja. Kwa hiyo msirudi nyumbani mkisema mfano huu ni wa matajiri. Kila mmoja wetu ana kitu anachokipenda kisichojiendesha chenyewe, na kuna mtu anayekiendesha. Nakuuliza wewe uliyekuwa ukitikisa kichwa tangu nilipoanza: ni mkono wa nani unaobabuka leo kwa ajili ya kitu ambacho hakitamlisha mtu yeyote?