Vidole Viwili vya Kitambaa

Kaeni, wapendwa. Kwaya nanyi kaeni, mmesimama muda mrefu. Leo nitasema polepole, kwa sababu mfano huu una mlima katikati, na magoti yangu mnayajua.

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, katika mji wa njia panda ambako malori hulala. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa gereji. Cherehani yake ni ya kukanyaga kwa mguu. Ukutani kuna kioo kilichopasuka pembe moja, na kwenye droo kuna daftari la vipimo: kifua, bega, mkono, kiuno.

Kwaya ya kanisa lake ilikuwa na makoti ya zambarau, na makoti yale yalikuwa ghali, hayashonwi kila mwaka. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya Pasaka wanakwaya walipita kibandani mmoja mmoja, wapimwe, makoti yarekebishwe. Wengi walifunguliwa mishono, maana neema ya Mungu huingia kwanza tumboni.

Je, mnajua fundi wa namna hiyo anajua nini? Anajua mambo kabla ya wenye mambo. Alijua binti fulani ana mimba kabla mama yake hajajua. Alijua mzee fulani ana kisukari, kwa jinsi kiuno kilivyokimbia na huku mzee anakula vizuri. Akamvuta pembeni akamwambia nenda ukapime, na nje ya hapo hakusema neno. Watu walimtania, “Mama fundi, daftari lako likipotea, mji mzima tutahama.” Naye hujibu, “Ndiyo maana nalilalia.”

Katika kwaya ile walikuwapo vijana wawili wa besi, marafiki, waliosimama bega kwa bega mstari wa nyuma. Mmoja mrefu, mtoto wa mzee wa kanisa. Mwenzake mfupi, mtoto wa mama muuza maandazi. Yule mrefu akishusha sauti, benchi la mbele lilitetemeka. Nisemeje? Mungu alikuwa amempa kifua.

Mwaka koti liliposhonwa, daftari liliandika kifua kile: inchi arobaini. Mwaka uliofuata: thelathini na saba. Fundi akadhani amekosea, akapima tena. Mwaka wa tatu: thelathini na tatu.

“Mwanangu, unakula?” akamwuliza.

“Nakula, mama. Tena ugali wa kulimia.”

“Unakwenda wapi huo ugali? Maana hapa haujafika.”

Kijana akacheka. “Mama fundi bwana! Siku hizi wembamba ndiyo fasheni.”

“Vua shati la juu nikupime vizuri.”

“Pima juu ya shati, mama.”

Ilikuwa saa saba mchana, bati linawaka, naye amevaa mikono mirefu iliyofungwa vifungo mpaka kwenye viganja. Alikuwa anajikuna shingo, anajikuna pua, anajikuna tena. Fundi akapima juu ya shati, akainama kuandika. Alipogeuka, kijana alikuwa amelala. Amelala wima, kidevu kifuani, magoti yamelegea na bado haanguki. Kisha akafumbua macho na kuendelea kana kwamba hakwenda popote. “Kwa hiyo litakuwa tayari lini?”

Fundi alikuwa jirani ya gereji miaka ishirini. Alikuwa ameshawaona wanaolala wima. Alijua njia yao: huanza na bangi nyuma ya malori, hupewa unga kidogo ndani ya sigara, bure, na wa bure ukiisha mwili unadai. Sigara ikishindwa kutosha, huja sindano. Sisi tunawaita mateja, kana kwamba hawakupewa jina siku ya ubatizo.

Akaazimia kwenda kwa baba wa kijana kesho yake. Lakini baba alimtangulia. Alifika asubuhi, koti la mwanawe mkononi limekunjwa ndani ya gazeti.

“Karibu, mzee wa kanisa. Nilikuwa nakuja kwako.”

“Usije nyumbani,” baba akasema haraka. Halafu akashusha sauti. “Nimekuja kwa habari ya koti la kijana. Linamning’inia. Pasaka hii tuna wageni wa jimbo. Lipunguze likae sawa, na mabegani ongeza sponji.”

“Mzee, koti halina ugonjwa.”

“Najua.”

“Basi mbona tunatibu koti?”

“Mama, nimekuja kwa fundi. Sikuja kwa daktari.”

Fundi akalipokea koti. Akalipunguza, na alilipunguza vizuri, kwa sababu alikuwa hajui kushona vibaya.

Siku ya Pasaka kijana alisimama mstari wa nyuma, koti limemkaa kama alizaliwa nalo. Wageni wa jimbo wakamwambia baba, “Mzee, una kijana nadhifu.” Baba akashukuru. Katika wimbo wa tatu pumzi za kijana zilikatika kabla mstari haujaisha. Rafiki yake mfupi akaongeza sauti yake, akaliziba lile pengo, na hakuna aliyesikia. Mnaona? Baba alificha kwa koti, rafiki akaficha kwa sauti. Kila mmoja alifanya kwa upendo.

Wiki ya sita baada ya Pasaka walimkuta yule kijana mrefu katika nyumba isiyokwisha kujengwa, nyuma ya stendi, ameegemea ukuta. Midomo imekuwa rangi ya majivu. Sindano ilikuwa bado mkononi.

Daktari alieleza kwa upole. Alisema unga huu unausahaulisha mwili kupumua. Mtu anadhani amesinzia, kumbe pumzi ndiyo inayosinzia, na isipoamshwa upesi haiamki tena. Alisema kama wenzake wangekuwapo na wasingeogopa kupiga kelele, huenda angewahi hospitali. Alisema pia mishipa ya mikono ilikuwa imekufa, na ini lilikuwa limeshapata homa kwa sindano za kuazimana. Yote hayo ndani ya kijana wa miaka ishirini na minne, chini ya mikono mirefu.

Mnajua desturi yetu. Mwanakwaya anazikwa na sare. Baba akaenda mochwari kumvisha. Koti lilimkaa vizuri, halikuhitaji pini hata moja. Akamwinua upande mmoja ili apitishe mkono wa pili, na hapo vidole vyake vikagusa kitu kinene ndani ya mshono wa ubavu. Akageuza bitana atazame.

Kitambaa kilikuwa kimekunjwa. Vidole viwili upande huu, vidole viwili upande ule, kimeshikizwa kwa uzi wa hatua ndefu, ule ambao fundi hushona akijua ataufumua. Hakukata. Desturi ya mafundi ni kukata kinachozidi, koti lisifanye uvimbe. Yeye hakukata hata uzi. Koti lote la inchi arobaini lilikuwa mle ndani, linamngoja mwenyewe anenepe alirudie. Mwanangu alitembea wiki zile sita amelivaa, na mimi nilikuwa natazama jinsi mabega yalivyokaa.

Nilikaa chini, kwenye sakafu ya mochwari.

Ndiyo, wapendwa. Nilianza kwa kusema “mzee wa kanisa” kana kwamba ni mtu mwingine, kwa sababu ulimi uliogopa. Wengi wenu mlikuwapo. Asanteni kwa kuninyamazia mpaka nifike hapa.

Baada ya matanga nilikwenda kibandani. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani.

“Kwa nini hukukata?” nikamwuliza.

“Kitambaa cha mtu aliye hai hakikatwi, mzee. Nilisema akirudi nitafumua, dakika kumi limekwisha.”

“Kama ulikuwa unajua, kwa nini hukunikatalia?”

Akaacha kukanyaga cherehani. Gurudumu likazunguka mpaka likasimama lenyewe.

“Hapo nilikosa,” akasema. “Wewe uliomba, lakini mkono ulioshona ni wangu. Niliogopa kukuvunjia heshima, nikamwacha mtoto aende. Nimemwambia Mungu, na sasa nakwambia wewe.”

Angeweza kunitupia lawama yote. Ningeipokea, ilikuwa yangu. Badala yake aliinama akachukua sehemu yake, akaibeba mbele yangu. Nimesikia mahubiri mengi katika maisha yangu, na mengine nimeyatoa mimi. Sijasikia yanayofikia hayo.

Mwaka uliofuata, kabla ya Pasaka, yule kijana mfupi alikwenda kupimwa. Kifua chake kilikuwa thelathini na sita siku za uzima. Sasa futi ya kupimia ilisema thelathini na moja.

“Lipunguze, mama,” akasema.

“Silipunguzi.”

“Nitaonekana kituko!”

“Utaonekana.”

“Wataniita teja.”

“Wameshakuita, mwanangu, wewe hukusikia tu. Mimi nataka wakuone.”

“Una roho mbaya, mama fundi!”

“Nilikuwa na roho nzuri mwaka jana. Rafiki yako yuko wapi?”

Alilinyakua koti akaondoka, akipiga teke kigoda cha watu. Lakini siku ya Pasaka alikuja, maana alipenda kuimba kuliko alivyoogopa aibu. Alisimama mstari wa nyuma, mikono ya koti imefika kwenye kucha, kola imeachana na shingo. Wako waliocheka. Msigeuke kutazamana, Mungu anawajua na amewasamehe. Mama yake, muuza maandazi, hakucheka. Alikuwa hajamwona mwanawe akiwa na mwili mdogo hivyo tangu darasa la saba, kwa sababu nyumbani alivaa fulana tatu. Mwalimu wa kwaya hakucheka. Nami nilimwona, na safari hii sikutazama mabega.

Baada ya ibada pilau ilipoa kwenye masinia. Tulimzunguka watu sita, naye fundi akiwa wa kwanza, na hatukumpigia kelele. Mama yake alimshika mkono, akakunja ile mikono mirefu ya koti taratibu, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka tukaona alama za sindano. Kijana akalia. Akasema, “Nimechoka, mama.” Ilikuwa sauti ndogo. Besi ilikuwa imekwisha.

Jumatatu tulimpeleka hospitali ya mkoa, kwenye ile dawa ya kunywa, methadoni, ambayo mtu huinywa kila siku mbele ya muuguzi. Siku za mwanzo alitetemeka, akatapika, akalia maumivu ya mifupa. Tukapanga zamu ya kumsindikiza, kila mtu na siku yake. Alianguka mara mbili akarudia unga, na mara mbili tulimfuata nyuma ya stendi tukamrudisha kwenye foleni. Siku ya Alhamisi ilikuwa ya fundi. Alikuwa anakwenda na futi yake shingoni. Kijana akishakunywa dawa, anampima kifua palepale getini mbele ya watu.

“Thelathini na mbili. Umeongeza moja.”

“Mama, unanipima kama mtoto wa kliniki!”

“Wewe ni mtoto wa kliniki. Geuka.”

Hiyo ni miaka miwili sasa. Juzi nimelichungulia daftari kwa ruhusa yake mwenyewe kijana: thelathini na tano na nusu. Bado nusu inchi. Atakaposimama kuimba mtaona koti lina nafasi kidogo ubavuni. Msimcheke. Nafasi hiyo ni yake, ataijaza.

Sasa sisi, wapendwa. Sisi ni wepesi wa kupunguza nguo. Mtoto akikonda, tunasema ana malaria. Akipotea siku tatu, tunasema yuko safarini. Akiuza redio ya nyumbani, tunasema imeharibika. Akilala wima mezani, tunasema amechoka na masomo. Tena tunashona vizuri, mshono hauonekani! Je, tunamficha nani? Mungu? Yeye alimpima tumboni mwa mama yake. Tunawaficha wale watu sita ambao wangemzunguka. Unga hauombi msaada mkubwa kutoka kwetu. Unataka tu koti likae sawa.

Lakini nisiwaache na kosa langu peke yake. Nikikosa usingizi huwa nafikiri juu ya vile vidole viwili vya kitambaa. Mama yule aliona mtoto anapungua, akakosea, hata hivyo mkasi haukupanda mkononi mwake. Mimi baba nilikuwa nimeshamzoea mwanangu wa inchi thelathini na tatu. Yeye fundi alikuwa bado anamtunza yule wa arobaini. Kama fundi wa kibanda cha bati anaweza kutunza hivyo, je, Yeye aliyetufuma? Mwanangu alikwenda kwake na kitambaa chake kizima. Naamini kuna mahali mishono ile inafumuliwa.

Nanyi mlio na watoto hai, rudini nyumbani mkawatazame. Ukiona koti linaning’inia, liache lining’inie. Shika mkono ulio ndani yake.

Kwaya, simameni. Besi, mwenzenu mpeni nafasi, na ile ya pili, pembeni yake, iacheni wazi.