Kosa la Mfungaji

"Kosa la mfungaji hubebwa na mzigo," alisema Mzee Ambakisye, na vijana aliokuwa akiwafundisha kazi ya kompyuta wakataka kujua asili ya maneno hayo. Akavua miwani. Methali hii, akawaambia, ilianza hivi.

Palikuwa na hospitali moja milimani ambako programu ya dawa ilijua Kiingereza tu. Karatasi ya maelekezo ilitoka kwenye mashine, mgonjwa akaipokea, akaitikia kwa kichwa, akaenda kumeza dawa kwa kubahatisha. Tusajigwe, muuguzi mstaafu, alimzika dada yake kwa sababu ya karatasi ya namna hiyo. Ndipo akakaa kuitafsiri programu nzima kwa Kiswahili, akiwasomea kina mama wa kliniki kila sentensi mpaka waielewe bila kuuliza.

Lakini mashine haisomi maneno kama yalivyoandikwa. Lazima kwanza yageuzwe kuwa alama inazozielewa. Gwakisa, mtoto wa kaka yake, akaunda kiambatisho, programu ndogo ya kuyageuza kila mara programu kubwa inapojengwa, yaani inapokusanywa iwe tayari kutumika. Kwenye kompyuta yake kilifanya kazi vizuri. Akakifunga kuwa furushi ili kiwekwe hospitalini. Kumbe kilitegemea kifaa kingine cha programu, ambacho kwenye kompyuta yake kilikuwamo tangu zamani hata akakisahau. Hakukitia furushini.

Siku ya kuonyesha, mganga mkuu alikaa na wageni wake. Programu ikajengwa upya, maneno hayakugeuzwa, na karatasi ya kwanza ikatoka na Kiingereza kilekile. Mgeni mmoja akacheka, akasema Kiswahili kimeona haya. Mganga mkuu hakucheka.

"Mama, umejitahidi," alimwambia Tusajigwe kwa upole. "Ila Kiswahili chetu, kwa mambo ya kitaalamu, bado hakijafika."

Gwakisa alilipata kosa kabla wageni hawajamaliza chai. Akamfuata mganga mkuu, akamweleza, akaomba wajaribu tena. Akajibiwa kwamba uamuzi wa kubaki na Kiingereza umeshapita.

Alimkuta Tusajigwe karibu na dirisha la dawa, akimtazama mama mmoja aliyekuwa akikunja karatasi asiyoweza kuisoma na kuifunga kwenye pindo la khanga.

"Shangazi, maneno yako hayakuwa na kasoro. Mimi ndiye niliyefunga vibaya."

"Najua, mwanangu." Hakugeuka. "Wewe kesho watakuita tena. Kiswahili hawatakiita. Kosa la mfungaji hubebwa na mzigo."