Sikudhani na Chungu cha Pakanga

Paukwa!

Pakawa!

Niulize?

Uliza.

Kama asali ya Mganga inaponya, mbona waliolambishwa hawajarudi?

Swali hilo aliliuliza Sikudhani, binti wa mama mjane, mbele ya kijiji kizima. Wazee wakatazama vidole vyao vya miguu. Kina mama wakavuta kanga. Mjomba wake akakohoa, na wala hakuwa na kikohozi. 

Basi, kijiji hicho kilikuwa mlimani, nako kuliingia homa. Homa ilipoingia, nyuma yake akaingia mtu mmoja na kibuyu cha asali. Mwenyewe alijiita Mganga. Sisi tumwite kwa jina lake: zimwi.

Zimwi lilikuwa na vinywa viwili. Kinywa cha mbele kilikuwa cha maneno mazuri. Cha pili kilikuwa kisogoni, kimejaa meno, nalo lilikifunika kwa kilemba kikubwa kama tenga la kuku.

Likifika penye mgonjwa, lilimlambisha asali na kumwuliza, "Ladha gani?"

"Tamu."

"Basi umeshapona. Imebaki kupumzika tu, kwangu pangoni."

Kisha lilikaa mkekani, likaapa kiapo chake cha majivuno: "Nileteeni chungu. Nikikibakiza, sitakanyaga tena mlima huu."

Likaletewa chungu cha uji, likakimaliza, likalamba hata ukoko. Watu wakapiga makofi. Nao walijua kwamba kiapo kikisemwa mbele ya mashahidi watatu, mlimani huko, hakivunjwi. Miguu yenyewe hukataa. Lakini nani angelishinda zimwi kwa kula?

Siku moja likaenda kwa Mzee Shekibula, likamchukua mkewe. Siku ya pili likaenda kwa Mama Nzole mfinyanzi, likamchukua mwanawe wa kiume, kijana wa kuoa. Siku ya tatu homa ikampata Hiyari, mdogo wake Sikudhani, mtoto wa miaka sita.

Mama yao akasema, "Nitamwita Mganga."

"Mama, usimwite."

"Nimwite nani, mwanangu? Nikae nimtazame akitetemeka?"

Sikudhani akakumbuka pakanga.

Pakanga lilikuwa jani la kijivu, lililoota nyuma ya makaburi, chungu kuliko nyongo. Bibi yake, alipokuwa hai, alilichemshia watu wenye homa na watoto wenye minyoo. Lakini bibi alikufa, na baada yake jani likabaki na jina baya. Wazee wakifanya matambiko, anayelaaniwa aliambiwa: kinywa chako kiote pakanga. Waimbaji wa harusini wakitaka kumsuta mke asiyependwa, walimwimbia kwamba amelala kitanda cha pakanga. Likalaaniwa kwenye sala, likasutwa kwenye nyimbo, na hakuna aliyelikaribia tena.

Sikudhani akaenda nyuma ya makaburi, akarudi na kikapu kimejaa.

Mjomba akamkuta mlangoni. "Hilo ni nini?"

"Pakanga, Mjomba."

"Unamlisha mtoto laana?"

"Namlisha jani. Laana mmeisema nyinyi, jani halijasema kitu."

"Mtoto wa kike una mdomo wewe."

"Ninao mmoja tu, Mjomba. Nami nautumia."

Akachemsha. Akamnywesha Hiyari mara ya kwanza, akatema. Akamnywesha mara ya pili, akatapika.

"Dada, chungu," akalia mtoto.

"Ndiyo, ni chungu. Sema tena."

"Chungu."

"Lia, lakini meza."

Akamnywesha mara ya tatu, ikashuka. Kulipokucha Hiyari alikuwa ameloa jasho, ngozi imepoa, anaomba kiazi.

Lakini mama, kwa hofu yake, alikuwa ameshatuma mtu kumwita Mganga. Jua lilipopanda kidogo, huyo akatokea na kibuyu chake, na kijiji kizima nyuma yake.

Likamlambisha Hiyari asali. "Ladha gani?"

Mtoto alikuwa bado na pakanga mdomoni. Akakunja uso. "Chungu."

Watu wakaguna. Zimwi likacheka kwa kinywa cha mbele. "Huyu amezidiwa, hata tamu haijui. Huyu nitamchukua haraka." Likakaa mkekani. "Haya, nileteeni chungu. Nikikibakiza, sitakanyaga tena mlima huu."

Sikudhani hakuinuka. "Mganga, rudia. Wengine wako nyuma, hawakusikia."

"Nileteeni chungu."

"Mara ya tatu, kwa heshima ya wazee."

"Binti, masikio yako yana nta? Nileteeni chungu. Nikikibakiza, sitakanyaga tena mlima huu."

"Mzee Shekibula, umesikia?"

"Nimesikia."

"Mama Nzole?"

"Nimesikia."

"Mjomba?"

Mjomba akakohoa. "Nimesikia."

Basi Sikudhani akaingia jikoni, akatoka amebeba kile chungu kikubwa kuliko vyote, kimejaa pakanga mpaka ukingoni, kinafuka moshi. Akakitua mbele ya zimwi.

Zimwi likapiga funda moja. Macho yakalitoka. "Hiki nini?"

"Chungu."

"Nilitaka chungu cha uji!"

"Uji hukuutaja. Umesema chungu. Basi hiki ni chungu, na kilichomo ni chungu. Umepewa vyote viwili, na nyumba hii haijakunyima kitu, mgeni."

"Hili ni jani la waliolaaniwa."

"Basi limemfikia mwenyewe."

Zimwi likageukia watu. Likalainisha sauti, likasema kama mtu anayebembeleza mtoto. "Wazee wangu, mnajua nilichomaanisha. Mtaacha kitoto hiki kinidhalilishe? Semeni tu kwamba nilitaja uji, nami nitasahau."

 Sikudhani alijua kwamba wazee wale watatu wakisema neno moja, uji, Hiyari amekwenda. Akamtazama mjomba wake. Mjomba akatazama vidole vyake vya miguu.



Mzee Shekibula akanyanyua kichwa. Alikuwa mtu wa sala, ndiye aliyesomea watu laana ya pakanga miaka yote. 

"Uji hakuutaja."

Mama Nzole akasema, "Uji hakuutaja."

Mjomba akakohoa, akakohoa tena. Kisha akasema kwa nguvu hata kuku wakakimbia, "Uji hakuutaja. Mganga, kunywa."

Basi zimwi likanywa. Funda la pili, tumbo likanguruma. Funda la tatu, kilemba kikaanguka, na kijiji kizima kikakiona kinywa cha kisogoni kikipanuka. Pakanga hutoa minyoo tumboni, na siku hiyo lilitoa zaidi ya minyoo. Akatoka mke wa Mzee Shekibula. Akatoka kijana wa Mama Nzole, hana kiatu kimoja. Waliomezwa zamani, katika vijiji vingine, hawakutoka. Hao zimwi lilikuwa limeshawamaliza, na nisiwadanganye.

Chungu kilibaki nusu. Zimwi likataka kukaa, miguu ikakataa. Likataka kumshika Hiyari, miguu ikakataa. Miguu ikalibeba, ikaliteremsha mlima mbio, nalo linatukana kwa vinywa vyote viwili, na kibuyu likakiacha mkekani.

Mjomba akakiokota kibuyu, akanusa. "Lakini asali yenyewe nzuri," akasema.

"Mjomba."

"Namwaga, mama. Namwaga."

Hadithi yangu imeishia hapo, na sukari sikutia. Mafunzo yake ni haya: anayekulazimisha useme tamu hakutakii kupona, na jina baya la kitu si kazi ya kitu hicho. Nanyi mnaonisikiliza nawaomba jambo moja: mtoto akisema hiki ni chungu, msimnyamazishe.