Mforsadi wa Nakiete

Zamani, kabla mababu hawajagawana mashamba ya mlimani, matunda ya mforsadi yalikuwa meupe tangu yanapotokeza hadi yanapoanguka. Ndege hawakuyala. Mti wenyewe ulikuwa mmoja tu, kando ya kisima, na watu walichota maji wakiupa mgongo.

Wakati huo aliishi Mbonea na mkewe Nakiete. Baada ya kuzaa mtoto wa tatu, Nakiete alitokwa na madoa meusi mashavuni na juu ya midomo. Hayakuuma wala kuwasha, lakini kisimani wanawake hawakumwacha.

"Haya, dada, leo tena umelamba chungu?"

"Mwacheni wifi yangu, alikuwa akilibusu jiko!"

Nakiete alicheka nao, kisha nyumbani akaketi akiutazama ukuta. Mwishowe akaacha kwenda kisimani, akaacha hata kuota jua uani.

Mbonea alikwenda kwa Bibi Namkunda, mganga wa mitishamba. Bibi alichuna gome la mizizi ya mforsadi, akalitwanga, akalikamulia kibuyuni.

"Paka doa, mjukuu wangu, usipake uso," alisema. "Siku saba. Ya nane, hata likibaki doa moja, mwaga. Mti huu unakula rangi, na haujui kushiba."

Mbonea alimpaka mkewe kwa viganja vyake mwenyewe. Kesho yake doa moja lilikuwa limefutika, na mtini tunda moja lilikuwa jeusi. Siku iliyofuata, mawili. Siku ya saba lilibaki doa moja chini ya jicho la kushoto, dogo kama punje ya ulezi.

"Hilo liache, baba watoto," Nakiete alisema. "Wasije wakakosa la kunicheka."

"Kesho tu," alijibu Mbonea.

Siku ya nane alilipaka tena, nalo likafutika. Lakini pale lilipokuwa ngozi ilipauka, na mpauko ule ukaanza kutembea. Ulishuka shingoni, ukafika mabegani. Mbonea alimsugua kwa majivu, kwa mafuta, kwa maji, haukusimama. Nje hapakuwa na upepo, ila mforsadi ulitikisika, na matunda yake yakawa meusi moja baada ya jingine.

Ilipofika adhuhuri Nakiete alisimama mlangoni juani.

"Sikioni kivuli changu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetafuta kijiko.

Mbonea alimshika uso kwa mikono miwili. Joto lake alilihisi, lakini kupitia shavu lake aliuona ua wa nyumba. Kisha joto nalo likakoma, na mikononi mwake hamkuwa na mtu. Viganja vyake mwenyewe vilikuwa vikinyonywa rangi. Akafumba ngumi, akazikaza, asizifungue kwa siku tatu. Alipozifungua, viganja vilikuwa vimepauka vyote, isipokuwa ndani ya mikunjo, pale ngumi ilipobana. Hapo ilibaki mistari ya weusi. Hakujua kama ni weusi wake au wa Nakiete.

Na tangu siku hiyo matunda ya mforsadi huota meupe, yakaiva meusi. Mganga anayetibu madoa kwa gome lake huacha moja bila kuligusa, na mgonjwa haulizi kwa nini. Nasi, uzao wa Mbonea, viganja vyetu vimepauka kuliko miili yetu. Fungua mkono wako utazame ile mistari. Ndicho alichowahi kukishika.