Ramu, Ndimu na Nafasi Moja ya Treni

Hapo zamani, miwa ilipokuwa bado imelifunika bonde la Luvi, waliishi ndugu wawili, Semboja na Mhina, wakenekaji wa ramu, pombe kali ya miwa. Kiwanda cha bondeni kikishatoa sukari yake, molasi iliyobaki ilikuwa yao. Waliichachusha, wakaichemsha, wakaukusanya mvuke wake tone kwa tone. Siku moja mtambo wao ukapasuka. Mhina akafa palepale. Semboja akatoka hai, lakini macho yake yakabaki motoni.

Watu wakamwambia, "Semboja, acha." Hakuacha. Alikeneka kwa pua na kwa vidole, akajua kwa harufu tone la kumwaga na tone la kuweka. Lakini ramu yake ilikuwa kali, hata walevi waliikunjia uso.

Mhina aliacha mjane, Mwanjaa. Mwanjaa hakupata usingizi. Kila akifumba macho alisikia ule mlipuko. Akaenda kwa shemejiye kuomba ramu. Akainywa, koo likaikataa. Akaikamulia ndimu, ikamkwaruza. Akatia sukari kidogo, akaonja, akaongeza, ikashuka. Akalala. Wanawake wengine waliofiwa wakasikia, nao wakaja na vikombe vyao.

Kibwana alikuwa mhudumu wa baa katika hoteli ya stesheni. Alikwenda kumjulia hali Mwanjaa, akapewa kikombe. Akaonja, akauliza kimetiwa nini. Aliporudi hotelini akaanza kukijaribu kinywaji kile kwa ramu ya Semboja. Ndimu ikizidi, inauma. Sukari ikizidi, inakinaisha. Alimwaga, akaanza upya, akamwaga tena, mpaka mwenye hoteli nusura amfukuze. Mwishowe akavunja barafu, akaitia pamoja na vyote katika kopo la bati, akatikisa hadi viganja vikafa ganzi, akachuja katika glasi baridi. Wasafiri wakawa wanashuka treni kwa ajili ya glasi ile tu.

Kisha ugonjwa ukaingia katika miwa. Mashamba yakachomwa, kiwanda kikafungwa, njaa ikapiga kambi bondeni. Mwenye hoteli akafunga virago kuhamia mjini.

Akawaita Semboja, Mwanjaa na Kibwana stesheni, akasema, "Nafungua hoteli mpya huko. Nafasi ninayo moja. Nitamchukua yule ambaye kinywaji hiki ni chake. Atapata kazi na nyumba, na kinywaji kitaitwa kwa jina lake."

Semboja akasema, "Ni changu. Ondoa ramu, kinabaki nini? Maji ya ndimu. Nimekitolea macho yangu na ndugu yangu. Kipofu asiye na kiwanda atakula nini hapa?"

Kibwana akasema, "Ni changu. Mzee Semboja, ramu yako ililala mapipani, hakuna aliyeitaka. Na chako, dada Mwanjaa, kilikuwa dawa ya msiba, hakikuvuka kizingiti chako. Mimi ndiye niliyekipatia kipimo, mimi ndiye niliyekifanya kitafutwe. Wanangu wanachemshiwa majani."

Mwenye hoteli akamgeukia Mwanjaa.

"Na wewe, mama?" akamuuliza.

"Mimi sikuwa natengeneza starehe, bwana. Nilikuwa natafuta usingizi. Hao wasafiri wako wote walikunywa kilio changu. Mkiondoka nacho mkakiita Semboja, au mkakiita Kibwana, mimi nabaki na nini? Nipeni mimi. Nitakiita Mhina."

"Mhina hakuwahi hata kukionja!" akasema Kibwana.

"Ndiyo," akasema Mwanjaa. "Hakuwahi."

Treni ikapiga honi. Mwenye hoteli akafungua mlango wa behewa, akawatazama, akashindwa kuchagua. Kibwana akasogea mbele. Semboja akanyoosha mkono kupapasa chuma cha kushikia, akaugusa mkono wa shemejiye, uliokwisha kukikamata. Hakuna aliyeachia. Magurudumu yakaanza kulia.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msimwonee mtu haya wala msimpendelee jamaa yenu: katika hao watatu, nani alistahili kupanda?